Mkia wa Kelele katika Simu ya Upepo

Bila shaka umepata kumsikia askari au mlinzi akizungumza kwa simu ya upepo. Mwenzake asema maneno yake, aachia swichi, na hapo hapo chombo chatoa "kshhh!" kama maji yaliyomwagwa juu ya kaango la moto. Kelele hiyo fupi twaiita mkia. Leo tutazame yatoka wapi, na kwa nini dawa wanayoitumia watu wengi ina hatari.

Simu ya upepo isiyopata mawimbi ya mtu hainyamazi yenyewe, huvuma mfululizo. Kwa hiyo ndani yake umewekwa mlango wa sauti. Mawimbi yakifika, uvumi hupungua na mlango hufunguka, yakitoweka, hufungwa. Lakini haufungwi papo hapo. Waundaji waliufanya uchelewe makusudi, maana sauti ya mtu aliye mbali, au anayekwenda kwa gari nyuma ya vilima, hupotea na kurudi. Mlango mwepesi mno ungemkata maneno vipande vipande. Katika kuchelewa huko uvumi hupenya. Huo ndio mkia.

Mtu aliyechoshwa na mkia hufanya nini? Huukaza mlango. Mkia haukomi, ila mwenzake aliye mbali, mwenye betri iliyochoka, hasikiki tena. Nilipata kumwona mlinzi wa usiku aliyekaza hivyo: mwenzake wa lango la nyuma alimwita mara tatu, naye anakunywa chai yake kwa raha.

Dawa ya kweli iko kwa anayesema, si kwa anayesikia. Akisha kuachia swichi, chombo chake hakiondoki hewani mara moja. Hubaki kwa sehemu ndogo ya sekunde na kutoa alama ya kuaga. Chombo cha pili kikiipata alama hiyo hufunga mlango wakati mawimbi yangalipo, kabla uvumi haujaingia.

Katika redio za zamani za Motorola jambo hili lilifanywa kwa werevu unaonipendeza sana. Mlio mzito ulikwenda pamoja na maneno, na ulimi mdogo wa chuma katika chombo cha pili ulitikisika kwa mlio huo na kuushika mlango wazi. Mlio ukikoma ghafula, ulimi huendelea kutikisika kama pembea iliyoachwa. Basi wakati wa kuaga mlio uligeuzwa ili usukume kinyume. Wewe wajua pembea ikisukumwa kinyume: husimama upesi.

Baofeng UV-5R, chombo kidogo cha siku hizi, hutumia mlio wa mitikisiko 55 kwa sekunde. Fungua orodha namba 35, iliyoandikwa STE, uiweke ON. Fanya hivyo katika vyombo vyote viwili. Kuwasha kimoja tu ni kazi bure.

Lakini kama mwazungumza kwa kupitia mnara wa kurushia sauti, iweke OFF. Mnara huchuja milio mizito, na alama yako haifiki ng'ambo. Mkia usikiao hapo ni wa mnara wenyewe. Mwambie fundi wake auweke ukomeshe mlio wake kidogo kabla ya kukata mawimbi, nawe uweke chombo chako kifunguke kwa mlio huo tu.