Ukubwa wa herufi uwe mikononi mwa msomaji

Wachapishaji wetu wa vitabu vya kielektroniki hawana budi kufahamu kuwa ukurasa wa simu si ukurasa wa karatasi. Kwenye karatasi, mpiga chapa ndiye aamuaye ukubwa wa herufi, naye huupima kwa pointi, ambazo 72 hutimiza inchi moja. Kitabu kikishachapwa, mzee aliyefifia macho hana la kufanya ila kutafuta miwani.

Kitabu cha kielektroniki humwezesha mzee huyo kuzikuza herufi apendavyo, mradi mchapishaji hakumfungia mlango.

Zipo njia mbili za kutaja ukubwa. Ya kwanza ni kutoa kipimo kisichobadilika, kwa mfano pikseli 16. Ya pili ni ulinganisho: kichwa cha sura kiwe mara moja na nusu ya maandishi ya kawaida, na tanbihi iwe asilimia 80. Kipimo cha ulinganisho kiitwacho emu kilirithiwa kutoka kwa wapiga chapa wa kale. Tangu Desemba 1996 kimo katika CSS, kanuni za kupanga sura ya kurasa za intaneti, ambazo pia hutumiwa na vitabu vya muundo wa EPUB.

Tuchukue mfano. Maandishi yakiwa pikseli 16, kichwa kitakuwa 24 na tanbihi 12.8. Msomaji akiyakuza hadi 24, kichwa kitapanda hadi 36 na tanbihi hadi 19.2. Kila kitu kitadumu katika daraja lake. Lakini iwapo kichwa kilifungiwa pikseli 24, na programu ya kusomea ikaitii amri hiyo, kitalingana na maandishi yenyewe. Nayo tanbihi iliyofungiwa itasalia kama mbegu za ufuta machoni pa yule yule aliyehitaji msaada.

Wapo watakaodai kuwa ulinganisho nao una mitego. Ni kweli. Dondoo la asilimia 80 likitiwa ndani ya sehemu nyingine ya asilimia 80, hushuka hadi 64. Lakini dawa ipo: kipimo cha remu, ambacho hurejelea herufi za msingi za ukurasa mzima, si za sehemu iliyokizunguka. Vilevile, mshororo wa mizani 16 huweza kukatika herufi zikikuzwa. Hapo yafaa kipande kilichoshuka kisogezwe ndani kidogo, ili msomaji atambue kuwa mshororo haujakoma. Kuzipiga herufi kufuli si suluhisho.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mhariri kijana haoni taabu ya herufi ndogo, lakini macho ya wengi huanza kushindwa kuona vya karibu wafikapo umri wa miaka arobaini na kitu. Basi kabla ya kukitoa kitabu, na akifungue katika simu ndogo, azikuze herufi hadi mwisho, kisha aisome sura moja pamoja na tanbihi zake. Ikimshinda yeye, asimuuzie mwenziwe.