Baada ya Mionzi, Mgonjwa Ni wa Nani?

Njia ya kwenda inajulikana. Mgonjwa wa Mtae au Mlalo, milimani Usambara, anayeshukiwa kuwa na saratani huanzia zahanati, akafika hospitali ya wilaya Lushoto mjini au ile ya Walutheri Bumbuli, akapelekwa hospitali ya Bombo jijini Tanga, na mwisho Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 300 kutoka kwao. Wengine siku hizi huelekea hospitali ya KCMC, Moshi, ambako kituo cha saratani kilifunguliwa mwaka 2016. Huko kote huenda na barua ya rufaa mkononi. Njia ya kurudi ndiyo isiyo na mwenyewe. Akimaliza mionzi au dripu hupewa tarehe ya kliniki ijayo, hupanda basi, huipita Mombo na kuanza kona za Soni, huku habari zake za matibabu zikibaki kwenye faili alikotibiwa. Tabibu wa zahanati ya kijijini, yule aliye karibu naye kuliko mtaalamu mwingine yeyote, mara nyingi hajui alitibiwa nini wala kwa dawa gani. Nasema mgonjwa huyu akabidhiwe kwa tabibu huyo rasmi, kwa maandishi, kama alivyokabidhiwa hospitali kubwa wakati wa kwenda.

Uingereza na Kanada kazi hii inaweza kukabidhiwa daktari wa familia. Kwetu mabingwa wa fani hiyo ni wachache mno, na kuwasubiri wafike Usambara ni kuwasubirisha watu ambao tayari wamepona. Kazi yenyewe, hata hivyo, ina watu wake: tabibu anayeitwa dokta na kijiji kizima, muuguzi, na mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayezijua nyumba zote za kitongoji.

Mchukue mama mkulima wa kabichi na karoti aliyeondolewa titi pamoja na tezi za kwapani. Majimaji ya mkono ule yamepoteza njia yake ya kurudi mwilini, na miezi au miaka baadaye mkono unaweza kuanza kuvimba. Kwenye mashamba ya miteremko, kwa mtu wa jembe na mizigo ya kichwani, mchubuko wa mwiba kwenye mkono wa namna hiyo unaweza kugeuka maambukizi ya mkono mzima. Kuligundua tatizo mapema kunahitaji futikamba ya fundi cherehani: ipimwe mikono yote miwili, mahali palepale, na tofauti ya sentimita 2 ni sababu tosha ya kuchukua hatua. Huenda mama huyo anameza pia tamoksifeni, kidonge cha kila siku kwa miaka 5, wakati mwingine 10. Dawa hiyo huongeza kidogo hatari ya saratani ya ukuta wa mji wa mimba, kwa hiyo aliyekwisha kukoma hedhi akianza kutokwa damu ni lazima achunguzwe haraka. Tabibu asiyejua kwamba anameza dawa hiyo atampa ya maambukizi na kumrudisha nyumbani.

Saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza kwa wanawake nchini, ina mtego wake. Mionzi inayoiua hupita jirani na kibofu na sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, na damu kwenye choo inaweza kuanza muda mrefu baada ya matibabu kwisha. Zahanatini, damu kwenye choo ni amiba. Mama atapewa vidonge vya amiba leo, atapewa tena mwezi ujao, na tena. Huo si uzembe wa tabibu. Amenyimwa nusu ya habari. Kisha kuna uke kusinyaa na kukauka, jambo linaloweza kuvunja ndoa kimyakimya. Daktari wa Dar es Salaam mwenye foleni mlangoni hatalisikia. Kama mama atalisema, atalisema kwa Kisambaa, kwa muuguzi aliyemzoea.

Je, ni salama kumwondoa mgonjwa mikononi mwa bingwa? Mwaka 1996 mtafiti Eva Grunfeld na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika Uingereza kwa wanawake 296 waliotibiwa saratani ya matiti. Kwa kuchaguliwa kibahati nasibu, baadhi waliendelea na kliniki za hospitali na wengine wakakabidhiwa kwa madaktari wa familia. Ugonjwa uliporudi, haukuchelewa kugunduliwa kwa hao wa pili. Tena mara nyingi uligunduliwa kati ya miadi moja na nyingine, kwa sababu mwanamke mwenyewe aliona dalili akaenda kusema. Jambo hili linaigusa Lushoto moja kwa moja, maana mwenye dalili mpya leo, na nauli hana, ataenda wapi kama si zahanati? Utafiti wa Kanada wa mwaka 2006, kwa wanawake 968, ulikuta madhara makubwa ya kurudi kwa ugonjwa kwa asilimia 3.5 upande wa madaktari wa familia na asilimia 3.2 upande wa vituo vya saratani. Tofauti hiyo ni ndogo mno.

Mpinzani atajibu kwamba daktari wa Kanada amesoma miaka mingi kuliko tabibu wetu. Ni kweli, na ndiyo maana sipendekezi tabibu abadili dawa au aamue kwamba uvimbe ni salama. Kazi yake iwe kuuliza, kupima, kutambua kisichokuwa cha kawaida na kupiga simu kwa aliyemtibu mgonjwa. Hata wale wa Kanada walipewa mwongozo wa ukurasa mmoja tu. Sisi wenyewe tumewahi kufanya jambo zito zaidi: dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zilipoanza kutolewa bure mwaka 2004 zilikuwa kazi ya hospitali kubwa, na leo zinatolewa hadi zahanatini, mara nyingi na wauguzi. Uhusiano wa magonjwa haya mawili, kwa bahati mbaya, ni wa karibu. Mwanamke anayeishi na VVU ana hatari ya kupata saratani ya mlango wa kizazi takriban mara 6 ya mwenzake asiye na VVU, kwa hiyo baadhi ya waliomaliza mionzi tayari wana kadi ya CTC, kliniki ya wanaoishi na VVU, na wanahudhuria. Kwao hakuna haja ya kliniki mpya. Maswali mawili matatu yaongezwe kwenye hudhurio lilelile.

Pingamizi la mzigo wa kazi nalichukulia kwa uzito zaidi. Zahanati nyingi zina tabibu mmoja, chanjo zinamsubiri, wajawazito wanamsubiri, na kila mradi mpya huja na daftari lake la kujaza. Lakini waliomaliza matibabu ya saratani katika eneo la zahanati moja hawawezi kujaza benchi. Mgonjwa aliyetambulika mapema humchukulia tabibu muda mfupi kuliko anayerudi kila mwezi na amiba isiyopona. Wapo pia wanaosema: kwa kuwa wagonjwa wetu wengi hufika hospitali ugonjwa umeshasambaa, wanaopona ni wachache, basi fedha ziende kwenye uchunguzi wa mapema. Hoja hii inasahau kwamba tabibu aliyejifunza kumfuatilia mama mmoja aliyepona ndiye atakayekuwa mwepesi kumshuku jirani yake mwenye uvimbe. Na kijiji kinachoamini kwamba saratani ni hukumu ya kifo hakiendi kupimwa mpaka kimwone mtu aliyetibiwa anapalilia shamba lake.

Kizito kinachobaki ni karatasi yenyewe. Iandikwe kwa Kiswahili, na anayemruhusu mgonjwa, siku ya kumruhusu: ugonjwa gani, hatua gani, upasuaji gani, mionzi ilielekezwa wapi, dawa zipi na hadi lini, dalili tano za kurudishwa haraka, na namba ya simu inayopokelewa. Nakala moja abaki nayo mgonjwa, nyingine aende nayo kwa mganga mfawidhi wa zahanati yake. Bingwa atalalamika kwamba hana muda wa kuiandika, na foleni ya Ocean Road inampa haki ya kulalamika. Basi aijaze muuguzi wa wodi kutoka kwenye faili, bingwa atie saini.