CHUMVI NI ADUI WA CHUMA NDANI YA ZEGE

Watu wengi hudhani ya kuwa chuma kikiisha kufunikwa kwa zege hakiwezi kushikwa na kutu. Sivyo. Nguzo na matangi ya maji huharibika kutoka ndani, na yakianguka huweza kuua.

Saruji ina asili ya chokaa, nayo hukivika chuma utando mwembamba usioonekana, unaozuia kutu. Adui wa utando huo ni kloraidi, ambayo ni sehemu ya chumvi ya kawaida. Ikikifikia chuma, huutoboa utando, na palipo na unyevu na hewa kutu huanza. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, hata kulisukuma zege mpaka likapasuka.

Huko Mombasa na Unguja chumvi huletwa na maji na upepo wa bahari. Keringet, iliyo katika nyanda za juu za Kuresoi, i mbali na bahari. Lakini fundi mwenyewe aweza kuitia chumvi. Huenda ikaja ndani ya mchanga uliochotwa mahali penye chumvi, kama kando ya Ziwa Elmenteita, au katika dawa ya kloraidi ya kalsiamu, itumiwayo penye baridi ili zege liwe gumu upesi. Kanuni za ujenzi za Uingereza ziliikataza dawa hiyo katika zege lenye chuma mwaka 1977.

Basi yafaa mwenye kujenga ashike mambo haya:

1. Maji yawe safi ya kunywa, na mchanga usiwe na chumvi.

2. Kwa mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50, maji yasizidi lita 25. Maji mengi huacha vitundu vipitishavyo chumvi.

3. Chuma kifunikwe kwa zege la milimita 40, na pwani milimita 50 au zaidi. Kiinuliwe kwa vipande vya saruji, si vya mti.

4. Zege lilowanishwe siku 7 au zaidi.

Mithali yasema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa wenye rangi ya kutu hauponi kwa kupakwa plasta, maana chumvi imebaki ndani. Zege bovu livunjwe mpaka nyuma ya chuma, chuma kisuguliwe mpaka king'ae, ndipo zege jipya litiwe.