Mtoto Aliyeungua Anaporudi Nyumbani

  

Mtoto akimwagikiwa na chai au uji moto, mvue nguo zilizolowa, mmwagilie maji safi ya baridi kwa dakika 20, kisha mkimbize hospitalini. Usimpake unga, yai wala dawa ya meno. Hayo wengi wenu mnayajua. Leo nataka tuzungumze juu ya siku zinazofuata, pale daktari anapoandika kwamba mtoto aende nyumbani.

Tuseme mtoto wako ana miaka minne. Sufuria ya chai ilikuwa imeepuliwa na kuwekwa chini kando ya jiko, naye akapita mbio. Akaungua shingo, kwapa na mkono wa kulia hadi kiganjani. Mmekaa wodini wiki tatu. Sasa mko nyumbani, hakuna muuguzi, na wewe ndiwe muuguzi.

Jambo la kwanza ni namna anavyokaa na kulala. Mtoto aliyeungua hutafuta mkao usiomuuma. Shingo ikiungua ataishusha, kiwiko atakikunja, kiganja atakifumba. Mama kwa huruma humwacha hivyo, hata humwekea mto laini. Hapo ndipo ulemavu unapoanzia. Umewahi kuona ngozi ya mbuzi ikianikwa bila kuwambwa? Hujikunja. Ngozi mpya juu ya jeraha pia hujivuta, na ikikuta kiungo kimekunjwa itakifunga vivyo hivyo. Nimeona watoto waliopona jeraha vizuri kabisa lakini hawawezi kunyoosha mkono kupokea kikombe.

Basi aliyeungua shingo asilalie mto. Kunja leso ndogo uiweke chini ya mabega ili kidevu kiinuke kidogo. Mkono ulioungua kwapani ukae mbali na mbavu, kiwiko kinyooke, vidole vitanuke. Kama amepewa kibao au plasta ya kunyoosha mkono usiku, avae kila usiku, hata akinung'unika. Mazoezi mliyoonyeshwa hospitalini yafanywe mara kadhaa kwa siku, polepole. Yageuze yawe mchezo: arushe mpira, aanike soksi zake kwenye kamba, afinyange tonge la ugali. Atalia, nawe utataka kuacha. Usiache, ila pumzikeni kidogo kisha mwendelee. Lakini ngozi iliyopandikizwa hivi karibuni isichezwechezwe mpaka daktari aseme iko tayari.

Kama mmeambiwa mbadilishe bendeji nyumbani, mpe dawa ya maumivu nusu saa hadi saa moja kabla, kwa kipimo ulichoandikiwa. Aspirini usimpe mtoto. Nawa mikono kwa sabuni. Bendeji ikiganda, ilowanishe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, usiivute kikavu. Usimdanganye kwamba haitauma, kwa maana kesho hatakuamini. Mwambie, "Itauma kidogo, tutahesabu hadi kumi halafu tutapumzika." Na kazi hii msiifanye kitandani mwake. Kitanda kibaki mahali pa usingizi.

Ukiona jeraha linanuka, linatoa usaha au wekundu unasambaa, au mtoto ana homa, anatapika, anahara, ana vipele mwilini, amelegea au hataki kula, usingoje siku ya kliniki. Mpeleke siku hiyo hiyo.

Kuhusu chakula, mwili unaojenga ngozi unahitaji chakula kingi kuliko ulivyozoea kumpa. Chai ya rangi na mkate hazitoshi. Mpe kidogo kidogo mara tano au sita kwa siku: mayai, maziwa, maharagwe, ndengu, omena, uji uliotiwa njugu zilizopondwa, pamoja na mboga za majani, papai au embe. Jirani akikuambia mayai yanazuia kidonda kukauka, mshukuru, kisha umpikie mtoto yai.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hospitalini hatupati muda wa kulizungumza. Ajali hii imeingia katika nyumba nzima. Baba ameuliza, "Ulikuwa wapi?" Mama mkwe ameuliza kwa njia yake. Wewe mwenyewe umejiuliza mara mia moja usiku. Mkitaka kulizungumza, na ni vyema mlizungumze, ngojeni mtoto alale. Mtoto wa miaka minne akisikia mkigombana juu ya chai, anaelewa kwamba yeye ndiye aliyeleta ugomvi. Baba naye apewe sehemu yake ya kazi. Mazoezi ya jioni anaweza kuyafanya, na mara nyingi mtoto humlilia kidogo kuliko anavyomlilia mama.

Tena yupo mmoja anayesahaulika. Ni dada yake wa miaka tisa, ambaye siku ile aliambiwa, "Mwangalie mtoto, nateka maji." Mtazame vizuri. Pengine amenyamaza, chakula anakigusa tu, au hataki kabisa kuingia jikoni. Mkalishe umwambie kwa maneno ya wazi kwamba kosa si lake, kwamba kulinda jiko ni kazi ya watu wazima. Mwambie zaidi ya mara moja. Halafu mwombe asaidie kwa kumchezesha mdogo wake, wala si kwa kumlinda.

Mgonjwa mwenyewe anaweza kurudia kukojoa kitandani, kushtuka usingizini, au kulia akisikia harufu ya chai. Usimchape kwa hayo. Mengi hupungua kadiri majuma yanavyopita. Yasipopungua, mweleze daktari wa kliniki. Lakini akimpiga mwenzake au akitupa sahani, mkanye kama zamani. Mtoto anayeruhusiwa kila kitu huogopa, hudhani hali yake ni mbaya kuliko anavyoambiwa. Na wale wengine wanaoona mayai yakienda upande mmoja, nao wapate siku yao, angalau Jumapili.

Jeraha likifunga, mwasho huanza, na huwa mkali usiku. Mkate kucha, mvishe pamba nyepesi, mkande kovu kwa mafuta yasiyo na manukato. Mwasho ukimnyima usingizi, kliniki itampa dawa. Kovu huweza kuinuka na kuwa jekundu kwa miezi kadhaa kabla ya kulainika, na kazi hiyo huchukua mwaka mmoja hadi miwili. Usikubali lichanjwe wala kuchomwa. Juani avae mikono mirefu.

Kabla hajarudi chekechea, nenda umwone mwalimu. Mweleze kwa nini mtoto anavaa shati la mikono mirefu hata kukiwa na joto. Mtoto naye mfundishe jibu fupi: "Niliungua na chai. Nimepona." Mtoto mwenye jibu hajifichi.

Tarehe za kliniki zishike, ingawa nauli ya matatu ni mzigo. NHIF haipo tena tangu Oktoba 2024, kwa hiyo hakikisha jina la mtoto limeandikwa pamoja na lako katika SHA. Usiache kwenda kwa sababu anaonekana amepona. Mtoto hurefuka, lakini kovu halirefuki kwa kasi yake. Mkono ulionyooka akiwa na miaka minne unaweza kuanza kuvutwa akiwa na sita. Mara kwa mara mwambie ainue mikono yote miwili juu, kama anayechuma embe. Mmoja ukibaki chini ya mwenzake, mrudishe hospitalini.