Kithyoko Hadi Malindi: Simama Ule, Lakini Usimlishe Nyani

Sisi wa Kithyoko tukitaka kwenda Pwani, wengi wetu bado hurudi Thika na Nairobi kwanza, ndipo tushike barabara ya Mombasa. Siku hizi si lazima. Barabara ya Kitui hadi Kibwezi ina lami, kwa hivyo mimi hupitia Mwingi, Kitui, Mutomo na Ikutha, nikatokea Kibwezi. Acha nieleze pa kusimama njiani, pa kula na pa kuona wanyama.

Chakula cha kwanza ni Mtito Andei, karibu nusu ya safari ya Nairobi na Mombasa. Agiza chapati kwa ndengu, au nyama choma na chai. Wenye hoteli hapa walitegemea sana madereva wa malori. Reli ya SGR ilipoanza mwaka 2017 na makasha mengi kupandishwa treni, walilalamika kwamba wateja wamepungua. Msafiri anayesimama kula anawafaa.

Kutoka hapo hadi Voi, unapita kati ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1948. Ukibahatika utaona ndovu kutoka barabarani, wekundu kwa vumbi la udongo wa huko. Kaa ndani ya gari na usipige honi. Panga kupita mchana, maana usiku wanyama huvuka na dereva huwaona akiwa amechelewa.

Nyani nao hukaa kando ya lami wakingoja ndizi na mkate. Tafadhali, usiwatupie. Nyani aliyezoea kulishwa haendi tena kutafuta chakula msituni. Hukimbilia magari, akagongwa, au humpora mtoto mkate mkononi. Mfuko wa plastiki unaotupwa pamoja na chakula humezwa na wanyama wengine.

Ukifika Mariakani, kata kushoto upitie Kaloleni hadi Mavueni. Utaepuka msongamano wa Mombasa, na utakuwa katika nchi ya minazi: shuka unywe dafu. Ukivuka daraja la Kilifi, nunua korosho za kukaanga.

Mbele, upande wa kushoto, ni msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye kilomita za mraba zipatazo 420. Humo anaishi sengi mwenye makalio ya rangi ya dhahabu, na bundi mdogo wa Sokoke. Kulia ni hori ya Mida, penye mikoko. Kuanzia Oktoba hadi Aprili ndege wanaohama kutoka Ulaya na Asia hujaa hapo maji yanapokupwa. Ulizia Dabaso, ambako kikundi cha wanakijiji huuza sambusa za kaa juu ya mikoko. Kiingilio cha daraja la mbao la Mida husaidia kulipa karo za watoto wa sekondari wanaoishi kando ya msitu huo. Gede iko karibu, na magofu yake yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024.

Mzazi ambaye karo ya mwanawe inatokana na mikoko na msitu ana sababu ya kutoikata miti hiyo. Kwa hiyo ukisafiri, lipa kiingilio, nunua chakula kwa wenyeji, na takataka zako ziende nawe hadi penye pipa.