Kabla ya Kununua Hisa: Namna ya Kuisoma Taarifa ya Mwaka ya Kampuni

Kila kampuni iliyoorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam hulazimika kutoa hadharani taarifa ya mwaka yenye hesabu zilizokaguliwa. Taarifa hiyo hupatikana bila malipo katika tovuti ya kampuni, na dalali wa hisa mwenye leseni anaweza kukupatia nakala. Hata hivyo, wako wanunuzi wanaotoa akiba ya miaka kadhaa kwa kusikia tu kwamba kampuni fulani "inalipa gawio zuri", bila kuifungua taarifa hiyo hata mara moja.

Kurasa za mwanzo zina picha za rangi, salamu za mwenyekiti na maneno ya matumaini. Zisome, lakini usizitumie kufanya uamuzi, kwa kuwa zimeandikwa na wale wale wanaosifiwa ndani yake. Anza na ripoti ya mkaguzi wa nje, ambayo kwa kawaida hutangulia hesabu zenyewe. Ikiwa mkaguzi ametoa hati yenye shaka, au amesema ameshindwa kutoa maoni, soma sababu alizozieleza kabla ya kwenda mbele. Tafuta pia aya inayozungumzia mashaka kuhusu uwezo wa kampuni kuendelea na shughuli zake. Aya hiyo inaweza kuwapo hata pale ambapo hati ni safi, na wasomaji wengi huiruka.

Baada ya hapo watu hukimbilia faida. Faida ni muhimu, lakini si sawa na fedha zilizomo benki. Kwa kanuni za uhasibu, bidhaa iliyouzwa kwa mkopo huhesabiwa kuwa mapato siku ilipouzwa, hata kama mnunuzi hajalipa senti. Ndiyo maana taarifa ya mtiririko wa fedha inastahili muda wako zaidi kuliko ukurasa mwingine wowote.

Tuchukue mfano wa kampuni ya kufikirika inayotengeneza sabuni. Imetangaza faida ya shilingi bilioni 1.2 baada ya kodi, kutoka milioni 900 mwaka uliotangulia, na kila mwanahisa atapata gawio la shilingi 20 kwa hisa. Hisa zote ni milioni 40, hivyo gawio litagharimu shilingi milioni 800. Kufikia hapo habari ni njema. Sasa tazama mizania: fedha ambazo wateja hawajalipa zimepanda kutoka bilioni 2 hadi bilioni 4.5. Katika taarifa ya mtiririko wa fedha, faida ya bilioni 1.2 inarudishiwa milioni 300 za uchakavu wa mitambo, ambazo si fedha zilizotoka, kisha inapunguzwa bilioni 2.5 zilizobaki mikononi mwa wateja. Matokeo yake ni kwamba shughuli za kampuni zimemeza shilingi bilioni 1 badala ya kuingiza fedha. Chini kidogo utaona mkopo mpya wa benki wa shilingi bilioni 2. Kwa hiyo gawio linalosifiwa limelipwa kwa fedha za kukopa, na mwanahisa aliyelifurahia ni mmiliki wa kampuni yenye deni kubwa zaidi kuliko mwaka jana.

Mwaka mmoja wa namna hii si lazima uwe dalili ya ugonjwa. Huenda kampuni imepata mteja mkubwa anayelipa kwa awamu. Linganisha miaka mitatu hadi mitano. Faida ikiwa inapanda kila mwaka na fedha za shughuli haziingii, pana swali linalohitaji jibu.

Kisha soma maelezo ya hesabu, yale yenye herufi ndogo mwishoni. Yanachosha, lakini huko ndiko huelezwa masharti ya mikopo, kesi zilizoko mahakamani, na miamala kati ya kampuni na wakurugenzi wake au jamaa zao. Enron, kampuni ya nishati ya Marekani, ilitangaza faida ya dola milioni 979 kwa mwaka 2000 na ilikuwa na hati safi ya mkaguzi. Maelezo ya hesabu za mwaka huo yalitaja, kwa lugha nzito, miamala na ubia uliosimamiwa na ofisa wa juu wa kampuni hiyo hiyo. Tarehe 2 Desemba 2001 Enron iliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Wafanyakazi wengi waliokuwa wameweka akiba ya uzeeni katika hisa zake waliipoteza. Hati safi, basi, ni sharti la kuanzia tu.

Kampuni nzuri pia inaweza kuuzwa ghali mno. Gawanya faida kwa idadi ya hisa: kampuni yetu ya sabuni imepata shilingi 30 kwa kila hisa. Hisa ikiuzwa shilingi 450, unalipa faida ya miaka 15. Gawio la shilingi 20, likikatwa kodi ya zuio ya asilimia 5 inayotozwa kwa kampuni zilizoorodheshwa, linabaki shilingi 19, yaani kama asilimia 4.2 ya bei. Linganisha kiwango hicho na riba ya hati fungani za serikali, ambazo hazikuweki katika hatari ya biashara ya sabuni.

Ukishakuwa mwanahisa, hata wa hisa chache, una haki ya kuhudhuria mkutano mkuu wa mwaka na kuuliza. Nenda na namba ya ukurasa. "Ukurasa wa 64 unaonesha wateja wanadaiwa bilioni 4.5, ni kiasi gani kimeshalipwa tangu mwaka wa hesabu ufungwe?" ni swali ambalo bodi haiwezi kulijibu kwa salamu za matumaini.