Aliyepita Hasemi Uongo

Ncha moja ina tano, nyingine ina mbili. Zamu imemfikia wa kulia. Anazitazama kete zake, anazitazama tena, kisha anagonga meza: "Napita." Kwa mpita njia wa Kaloleni, jijini Arusha, hapo hakuna lililotokea. Kwa wenzake watatu, jamaa ameshajianika: hana tano wala mbili.

Dhumna ina kete 28. Wakicheza wanne, wawili kwa wawili, kila mmoja huchukua 7, na kila namba imo kwenye kete 7 tu. Basi mjuzi huhesabu. Ikiwa tano nne zimelala mezani, dabo ikiwamo, naye anazo mbili, imebaki moja. Aliyepita hana, basi iko kwa mwenza wa mjuzi anayekaa mkabala naye, au kwa mpinzani wa kushoto. Tano zote zikilala na ncha zote mbili zikawa tano, mchezo hufunga. Hapo nukta za mkononi huhesabiwa, na wenye chache ndio washindi. Kumpa mwenzako ishara ni wizi, ingawa vikohozi huwa vingi kuliko mafua.

Hesabu hiyo inasimama kwa sababu moja: mwenye kete inayoingia analazimika kuicheza.

Sasa ondoa sharti hilo. Mwaka 2004 kampuni ya AMIGO ya Ujerumani ilitoa Saboteur, mchezo wa kadi uliobuniwa na Frederic Moyersoen, wa watu 3 hadi 10. Mtu wa Arusha hahitaji maelezo marefu, maana ni mambo ya machimboni. Wachezaji hulaza kadi za njia, moja baada ya nyingine, kuelekea kadi tatu zilizofunikwa. Moja tu ndiyo yenye dhahabu. Weka tanzanaiti badala ya dhahabu, na umefika Mirerani.

Ila humjui unayechimba naye. Kila mmoja hupewa kadi ya siri: mchimbaji au mhujumu. Kwa wachezaji watano huchanganywa kadi za wachimbaji 4 na wahujumu 2, na moja hubaki kando imefunikwa. Mezani huenda wahujumu ni wawili, huenda ni mmoja. Wakiwa watatu, kadi ni 4 na mhujumu ni 1, kwa hiyo yawezekana wote ni wema, na bado wakavunjiana taa na sururu hadi mwisho kwa kushukiana tu.

Anayekunja njia mapema hugundulika, akavunjiwa vifaa, asiweze kuongeza njia. Mhujumu hodari huchimba kwa bidii. Akipata kadi ya ramani huchungulia kadi moja ya mwisho, kisha hutangaza anachotaka. Akitupa kadi bila kuilaza, haijulikani kama alikosa inayofaa au ameificha nzuri. Mchimbaji mwaminifu naye hufanya vivyo hivyo. Dhahabu inapobaki hatua mbili, ndipo mhujumu analaza kadi ya njia iliyoziba, huku akilalamika kwamba mkononi hakuwa na nyingine.